Mbwa Ishirini na Wanne wa Bugarama

Mbwa mmoja tu ndiye aliyeharibu hesabu, na aliiharibu kwa kutokufa.

Jina lake lilikuwa Hawanipendi. Alikuwa jike mwekundu mwenye sikio la kushoto lililochanika, mali ya mjane mmoja wa upande wa Bugarama aitwaye Mageni, na katika daftari la Selestine Ngassa, msaidizi wa maabara, alikuwa namba kumi na saba. Wenzake kumi na mmoja waliodungwa maji ya chumvi kama yeye walikuwa wamekufa wote kabla Agosti ya mwaka 1953 haijaisha. Yeye alikuwa hai, anakula, anabweka, na joto lake lilikuwa la mbwa mwenye afya.

“Katika kumi na wawili hakosekani mmoja wa namna hiyo,” alisema Dokta Whitlow. “Usimkondee.”

Dokta Whitlow alikuwa daktari wa mifugo katika kituo kidogo nje ya mji wa Shinyanga, Mwingereza mrefu wa miaka hamsini na minne aliyebakiza miezi kumi arudi kwao. Kwa miaka sita alikuwa akitafuta kitu kimoja: chanjo ya kumkinga mbwa na nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o. Dawa ya kutibu ilikuwapo, lakini ilikuwa haba na ilitengewa ng'ombe. Mbwa aliyeambukizwa alishikwa na homa, tezi zikamvimba, macho yakaingia ukungu mweupe kama maziwa, na mara nyingi hakufika wiki ya sita. Kwa watu waliolima kando ya pori, hilo halikuwa jambo dogo. Nguruwe pori hawakuogopa kelele wala moto, waliogopa mbwa. Asiye na mbwa alilima mihogo ya nguruwe.

Chanjo yenyewe hakuna aliyeijua kuliko Selestine, maana ndiye aliyeitengeneza. Alivikuza vimelea ndani ya panya weupe, akachukua damu siku vilipojaa, akavitenganisha, akaviua kwa fomalini na kuvihesabu chini ya hadubini. Mbwa alidungwa begani mara tatu, kila baada ya wiki mbili. Pale kituoni, mbwa tisa kati ya kumi waliochanjwa walistahimili vimelea vilivyowaua wenzao. Ila Selestine hakusahau kwamba vimelea hivyo vilikuwa vya ukoo uleule uliotengenezewa chanjo, na porini kuna koo nyingi. Ndiyo sababu walikwenda Bugarama.

Huko walipata mbwa ishirini na wanne. Ishirini na watatu walikuwa wa chama cha wawindaji, na mmoja alikuwa wa Mageni. Vipande ishirini na vinne vya karatasi vilitiwa kofiani. Selestine akachomoa kimoja kimoja. Mbwa kumi na wawili wakapata chanjo, kumi na wawili wakapata maji ya chumvi, katika bomba la aina moja, kwa mkono uleule. Wenye mbwa hawakuambiwa nani kapata nini. Hawakuambiwa hata kwamba kuna maji. Orodha ilikaa mfukoni mwa Selestine.

Tangu Mei aliishi huko ndani ya hema, akipima joto la kila mbwa kila asubuhi. Wawindaji walimwita Bwana Joto. “Mbwa wangu siku hizi akikuona anageuka mwenyewe na kuinua mkia,” mmoja wao, Bujiku, alimwambia. “Umeniharibia mbwa, Bwana Joto. Hata nguruwe siku moja atamgeuzia mkia.”

Mwisho wa Agosti hesabu ilifungwa. Kati ya mbwa kumi na wawili waliochanjwa, walikufa wawili. Kati ya waliopata maji, kumi na mmoja.

Dokta Whitlow alilisoma jedwali akiwa amesimama, kisha akakaa, kisha akalisoma tena. Siku ya pili aliipiga chapa taarifa kwa vidole viwili. Dozi mia nne zingetengenezwa kabla ya mvua, kwa ajili ya mbwa wa vibarua waliokuwa wakifyeka pori kuelekea Geita. Hadi wakati huo vibarua walikuwa wamekatazwa kuingia na mbwa wao katika pori lenye mbung'o. Taarifa ikishapokelewa, katazo lingeondolewa. Nyuma ya taarifa iliambatanishwa barua ya ukurasa mmoja iliyompendekeza Selestine Ngassa, msaidizi wa maabara kwa miaka kumi na mmoja, apelekwe masomoni miaka miwili awe mganga wa mifugo. Dokta Whitlow alimsomea barua hiyo kwa sauti. Selestine alisema asante, akarudi mezani kwake akaosha vioo vya hadubini ambavyo vilikuwa safi.

“Nenda ukamwulize yule mama,” Dokta Whitlow alimwambia siku ya Jumatano. “Labda mbwa wake alifungwa nyumbani. Nataka mstari mmoja wa maelezo chini ya jedwali. Bahasha inaondoka Jumatatu.”

Selestine angekwenda hata asipotumwa. Kulikuwa na jambo la pili ambalo hakuwa amemwambia mtu, kwa kuwa hakujua aliseme vipi. Aliponakili tarehe za homa kutoka daftarini, aliona kwamba mbwa kumi na mmoja waliokufa walianza kuumwa ndani ya siku nne: watatu tarehe 3 Julai, wanne tarehe 4, watatu tarehe 5, mmoja tarehe 6. Mbung'o hufanya kazi namna nyingine. Humwuma mbwa huyu leo, yule baada ya wiki mbili, mwingine mwezi ujao. Wale wawili waliochanjwa na kufa waliugua kwa kufuata desturi hiyo, mmoja mwishoni mwa Juni, mwingine katikati ya Julai. Kumi na mmoja ndani ya siku nne ni kama watu waliokula chungu kimoja.

Alipanda lori la pamba lililokwenda kupakia marobota, akashuka njiani, akamalizia maili saba kwa miguu.

Mageni alikuwa uani akimenya mihogo. Watu walimwita Mama Shija, kwa jina la binti yake mkubwa aliyeolewa Mwadui. Hawanipendi alikuwa amelala kwenye maganda, akamtazama Selestine, akainuka, akageuka na kuinua mkia.

“Mwache,” Mageni alisema akicheka. “Leo hana kipimo, we mbwa. Karibu, Bwana Joto. Umekuja kumpima tena?”

“Shikamoo, Mama Shija.”

“Marahaba. Kaa.”

Selestine aliketi kwenye kigoda, akafungua daftari. Aliuliza kama mbwa alifungwa mwezi Juni na Julai. Hakufungwa. Aliuliza kama aliingia porini.

“Kila siku. Naenda kuni, anakwenda. Naenda shamba la chini, anakwenda. Mbung'o ananiuma mimi, anamuuma yeye. Hebu tazama.” Akamwonyesha shingo.

“Ulimpa dawa yoyote? Mizizi, majivu, chochote?”

“Nitoe wapi? Dawa wanazo wenyewe wanaume. Mbwa wangu walimruka.”

Kalamu ya Selestine ilisimama. “Walimruka katika nini?”

“Si walichanja mbwa wao kwa wembe, ulipokwenda Shinyanga zile siku nne? Walikusanyana kwa Masele na mbwa wote. Nami nikaenda na wangu. Wakaniambia, mama, mbwa wa mwanamke hayumo katika chama, huyu ni wa kulinda kuku. Nikarudi naye.” Alikata muhogo vipande viwili. “Nilichukia siku ile. Sasa mimi nina mbwa, wao wengi hawana.”

Selestine alimshukuru, akaandika mistari miwili, akainuka. Kutoka pale hadi kwa Masele palikuwa na mwendo wa nusu saa, na njia nzima hakuangalia alipokanyaga, kwa sababu alikuwa anaona kitu kingine. Alikuwa anaona pua za mbwa.

Alikuwa ameziona chale. Tarehe 29 Juni, asubuhi aliyorudi kutoka Shinyanga, aliinama kupima joto akaona chale mbichi, tatu tatu, juu ya pua za mbwa, zimepakwa masizi. Hakuziandika. Daftari lake lilikuwa na joto kwa sehemu za kumi za digrii, uzito, hali ya kinyesi, idadi ya kupe masikioni, hata mguu wa mbwa mmoja uliochomwa na mwiba. Chale hakuziandika kwa sababu baba yake mwenyewe alikuwa mwindaji, na kila mwaka baada ya mavuno, kabla ya kuwinda, mbwa wa nyumbani kwao walichanjwa juu ya pua ili wanuse vizuri na wasiogope. Alikua akiziona. Zilikuwa kwake sehemu ya sura ya mbwa, kama masikio. Mgeni asiyejua kitu angeuliza ni nini, na jibu lingekaa kwenye ukurasa. Yeye alijua, kwa hiyo hakuuliza.

Masele, mkubwa wa chama cha wawindaji, alikuwa akisokota katani kurekebisha wavu, na Bujiku amekaa karibu yake akimshikia ncha. Uani hapakuwa na mbwa hata mmoja. Mabakuli yao, vipande vya mtungi uliovunjika, yalikuwa yamepangwa ukutani.

“Bwana Joto,” Bujiku alisema, “umechelewa. Sasa utatupima sisi.”

Selestine alimwamkia Masele, akasubiri aitikiwe na kuketishwa. Kisha akauliza moja kwa moja kuhusu siku ile ya wembe.

Masele hakuficha. Hakuona cha kuficha.

“Jumamosi ile tulichanja, ndiyo. Msimu ulikuwa umefika. Lakini mwaka huu tulikuwa na sababu nyingine. Unadhani sisi hatuna macho? Baada ya sindano zako mbwa wengine waliota uvimbe begani, mkubwa kama yai la kanga, ukakaa mwezi mzima. Wengine laini, hakuna kitu. Wangu, Wabeja, alivimba kuliko wote. Wa huyu hapa,” akamwonyesha Bujiku, “bega lake lilikuwa kama la siku aliyozaliwa. Tukawahesabu. Kumi na wawili imewashika, kumi na mmoja haikuwashika.”

“Na wa Mama Shija wa kumi na mbili,” Bujiku aliongeza. “Huyo hatukumhesabu.”

“Sasa ungekuwa wewe ungefanyaje?” Masele aliendelea. “Mimi mbwa wangu ana dawa, mbwa wa mwenzangu hana, na porini tunaingia pamoja. Katika chama chetu mtu mwenye dawa akanyamaza nayo, akamwacha mwenzake aingie hivihivi, huyo tunamwita mchawi. Nikautoboa uvimbe wa Wabeja kwa wembe. Nikachukua damu ya pale, nikachanja wale kumi na mmoja. Mmoja baada ya mwingine, wembe mmoja, kila mara narudi kwa Wabeja kuuchovya. Waliokuwa na uvimbe wao sikuwagusa, wangechanjwa nini tena?”

“Wembe mmoja,” Selestine alisema.

“Dawa ni moja, wembe ni mmoja.” Masele alivuta kamba kwa meno, akaikaza. “Ila haikusaidia. Nadhani tulichelewa. Ilikuwa imekwisha nguvu.”

Bujiku hakufanya mzaha tena. “Wangu alikwenda kipofu,” alisema. “Alikuwa ananitafuta kwa kunusa, pua imejaa chale za dawa.”

Selestine alijua wakati ule ule alichopaswa kuwaambia, na hakuwaambia. Alijiambia kwamba bado hana uthibitisho. Hilo lilikuwa kweli, na kwa mtu wa kazi yake lilikuwa sababu ya kutosha. Lakini alijua pia kwamba alifurahi kuwa na sababu. Aliaga akaondoka.

Kituoni, siku ya Jumapili, hakukuwa na mtu. Alifungua sanduku la vioo vya damu. Kila kioo kilikuwa na tarehe na namba ya mbwa. Alikitafuta cha Wabeja, namba nne, kilichochukuliwa tarehe 24 Juni, siku moja kabla ya safari yake ya Shinyanga na siku tatu kabla ya wembe. Kando yake daftari lilisema: sehemu mia moja zimetazamwa, hakuna vimelea. Ndiyo ilikuwa kanuni ya kituo, sehemu mia moja kwa kioo, na kanuni aliifuata.

Aliweka kioo chini ya hadubini akaanza upya. Mia ya kwanza, hakuna. Aliinuka, akanyoosha mgongo, akanywa maji, akarudi. Mia ya pili, hakuna. Katika sehemu ya mia mbili na kumi na moja, katikati ya chembe nyekundu, kililala kimelea kimoja, chembamba, kimejikunja, na utando wake wa pembeni umepata rangi vizuri kabisa. Selestine alikitazama kwa muda mrefu kuliko alivyohitaji. Kimelea kimoja kilitosha. Siku Masele alipoutoboa uvimbe, Wabeja alikuwa tayari na nagana ndani ya damu, bado hajaonyesha homa, na wembe ukaibeba kwa mbwa kumi na mmoja wenye afya. Toka Jumamosi ile hadi homa ya kwanza ni siku sita. Hadi ya mwisho, siku tisa. Ndivyo inavyokuwa mtu anapomwambukiza panya kwa sindano kituoni. Aliyafanya hayo mara mia.

Jumatatu saa mbili asubuhi aliweka karatasi moja juu ya bahasha iliyokuwa mezani kwa Dokta Whitlow. Dokta aliisoma. Alivua miwani, akaivaa, akaisoma tena.

“Kumi kati ya kumi na wawili waliochanjwa wako hai,” alisema hatimaye. “Hilo halibadiliki.”

“Halibadiliki, bwana. Lakini hatuna wa kuwalinganisha nao. Wale kumi na mmoja waliuawa na wembe. Mbwa wa maji asiyeguswa na wembe ni mmoja tu, naye yuko hai. Labda mwaka huu mbung'o wa pale hawakuwa na vimelea vingi. Labda hao kumi wangeishi hata bila chanjo.”

“Labda.”

“Na Wabeja alichanjwa mara tatu. Chanjo haikumkinga.”

“Kwa hiyo tunajua nini?”

“Kuhusu chanjo hatujui kitu. Tunajua kwamba wembe unaeneza nagana, nalo si jambo jipya.”

Dokta Whitlow alisimama dirishani. Nje, mwangalizi wa panya alikuwa akimwaga matandiko machafu shimoni. “Niambie ukweli, Selestine. Uvimbe uliuona?”

“Niliuona. Upo daftarini, siku ya tatu baada ya kila sindano. Tungeweza kutia kitu katika maji ya chumvi kivimbishe hivyohivyo. Sikufikiri kwamba na wao watauona.”

“Hata mimi. Na chale?”

“Chale niliziona sikuziandika. Hilo ni langu peke yangu.”

Mzungu yule hakuwa mtu mbaya, wala hakuwa mtu wa kupaza sauti. Alirudi mezani akakaa, akaitoa taarifa ndani ya bahasha, akapiga mstari wa kalamu kutoka kona hadi kona katika kila ukurasa, kurasa tisa. Alifanya hivyo taratibu na kwa usafi, kama mtu anayetia sahihi. Alipofika kwenye ile barua ya mwisho alisita.

“Barua hii iliandikwa juu ya jaribio lililofaulu,” alisema. “Siwezi kuipeleka peke yake. Wataniuliza masomo ni kwa sababu gani.”

“Najua, bwana.”

“Miezi kumi haitoshi kurudia jaribio. Atakayekuja baada yangu labda atataka kuku.” Aliifungia barua katika mtoto wa meza. “Vibarua wa Geita nitawaandikia leo. Mbwa wasiingie porini. Na hao wa Bugarama, sioni faida ya kuwaambia. Mbwa wamekwisha kufa. Utawabebesha bure.”

Selestine alilifikiria neno hilo wiki nzima. Lilikuwa na huruma ndani yake, naye hakuidharau. Lakini mwaka ujao, baada ya mavuno, Masele angekusanya mbwa wapya na kutoa wembe uleule, na angechukua damu ya mbwa aliyeonekana mwenye nguvu kuliko wote. Hakuna kilichowazuia isipokuwa kujua. Na kulikuwa na karatasi mfukoni mwake ambayo haikuwa yake.

Alhamisi iliyofuata aliomba ruhusa ya siku mbili. Dokta Whitlow aliiandika bila kuuliza anakwenda wapi.

Walikusanyika uani kwa Masele, wanaume kumi na wanane, maana wengine walikuwa na mbwa wawili, na Mageni, ambaye hakualikwa na ambaye safari hii hakuna aliyemwambia arudi. Selestine alisimama. Alianza kwa Kiswahili, kisha akaona kwamba anajificha ndani yake, akahamia Kisukuma.

Aliwaambia kwamba sindano hazikuwa za aina moja. Akatoa orodha akaisoma, jina la mbwa, jina la mwenyewe, alichodungwa. Sijali, wa Ng'wandu: chanjo. Mhola, wa Kulwa: maji. Watajua, wa Bujiku: maji.

“Maji gani?” Bujiku aliuliza.

“Maji na chumvi.”

“Mara tatu ulikuja kumchoma mbwa wangu maji? Nikamshika kichwa? Nikakwambia asante?”

“Ndiyo.”

“Kwa nini wangu?”

“Nilichomoa karatasi kofiani. Ingeweza kuwa ya yeyote. Bila wa maji hatuwezi kujua kama chanjo inafanya kazi. Lakini tulipaswa kuwaambia kwamba kuna maji, na hatukusema.”

Mtu mmoja nyuma alitukana kwa sauti ya chini. Selestine aliendelea kusoma hadi namba ishirini na nne, hakuruka. Kisha akaeleza habari za Wabeja: kioo, sehemu ya mia mbili na kumi na moja, siku sita, siku tisa. Hakuzipamba wala kuzipunguza. Alipomaliza, Hawanipendi alisikika akijikuna nje ya ua.

Masele aliitazama mikono yake. Ilikuwa na nyuzi za katani.

“Kwa hiyo ni mimi,” alisema.

“Ulikuwa wembe, baba. Wewe hukujua.”

“Wembe haukujipeleka wenyewe. Wewe ulizijua chale. Mwana wa mwindaji. Siku ile ulimshika Watajua taya, nilikuona, ukazitazama.”

“Niliziona. Ningeuliza siku ile, ningejua siku ile. Mbwa wasingepona, lakini ningewaambia msirudie, na nisingewaacha mnafikiri kwamba dawa ilichelewa.”

“Na hayo maji uliyajua tangu Mei.”

“Tangu Mei.”

“Niliwahi kukwambia,” Masele alisema, na sauti yake haikuwa na hasira, “sisi mtu wa namna hiyo tunamwita nani.”

“Uliniambia.”

Masele aliinuka, akaingia ndani, akatoka na kitambaa cheusi kilichofungwa fundo. Alikifungua. Ulikuwa wembe wa kawaida wa dukani, umeliwa na kutu upande mmoja. Hakuutupa, wala hakuuvunja. Aliuweka chini mbele ya Selestine, kisha akaketi.

“Katika daftari lako,” aliuliza, “jambo hili limeandikwa?”

“Limeandikwa kwenye karatasi ya kituo. Daftarini bado.”

“Liandike. Mwaka kesho watakuja watu wengine na sindano nyingine, na sisi labda tumesahau, au tumekufa. Mbwa aliyekatwa, andika amekatwa.”

Selestine aliketi chini, akaweka daftari gotini. Alipiga mstari wa wima pembeni mwa jedwali, mahali ambapo hapakuwa na safu, akaandika juu yake: wembe, 27 Juni. Kisha akaanza kuwauliza mmoja mmoja kwa namba, ingawa majibu alikuwa nayo, na wakamjibu mmoja mmoja. Bujiku alipofikiwa alisema, “Chale tatu,” akaonyesha kwa kidole juu ya pua yake mwenyewe, zilipokuwa. Selestine akaandika tatu.

Alipofika namba kumi na saba aliinua macho. Mageni alikuwa amesimama kwenye mlango wa ua, mkono mmoja juu ya kichwa cha mbwa.

“Hakuchanjwa,” alisema. “Andika na sababu.”

Akaandika.